Haina Karanga

Maneno hayo mawili niliyachapa mimi. Yalikaa chini kabisa ya karatasi ya kubandika, baada ya orodha ya viambato, kwa herufi nene, kwa sababu Marietha alitaka yaonekane hata na mtu aliyesahau miwani nyumbani.

Marietha ni jirani yangu hapa Kipawa. Duka langu la stesheni, la kuchapa na kuuza kalamu na madaftari, linatazamana na mlango wake wa uani. Kwao ni Masasi. Kaka yake aliyebaki na mashamba humtumia korosho zilizovunjika, zile ambazo wanunuzi wakubwa hawazitaki, na kwa miaka mingi alikuwa akizikaanga na kuziuza kwenye vifuko. Kisha akaanza kutengeneza vipande. Anasaga korosho, anazichanganya na tende zilizotolewa kokwe, embe lililokaushwa, mbegu za maboga na asali, anakandamiza kwenye trei mpaka vishikane, halafu anakata vipande vya urefu wa kidole na kuvifunga kimoja kimoja. Mtaani wanaviita kashata. Yeye hapendi.

"Kashata ni sukari iliyochemshwa," husema. "Hii siyo kashata. Hiki ni chakula."

Karatasi ile tuliibishania sana. Mwanzoni alitaka niandike kwamba vipande havina sukari. Aliyemkatalia ni Filomena, mwalimu wa sekondari, ambaye wakati huo alikuwa amepanga vyumba viwili nyuma ya nyumba ya Marietha pamoja na binti yake Sekela.

"Dada Marietha, tende yenyewe ni sukari," alimwambia. "Mtu wa kisukari akisoma hivyo atamaliza trei."

"Lakini mie siweki sukari."

"Asali je?"

Marietha akaanza kukusanya trei zake. Kesho yake asubuhi alikuja dukani kabla sijafagia, akaniambia niandike hivi: sukari iliyomo imetoka kwenye tende, embe na asali. Nikamwambia maneno ni mengi, karatasi ni ndogo. Akasema basi nipunguze ua nililolichora pembeni.

Filomena ndiye aliyemfundisha kusoma pakiti. Alikuwa akirudi na vile vipande vya supamaketi vinavyotoka nje, anavipanga mezani, na wote wawili wanainama juu yake kama wanachambua mchele. Mbele kuna picha ya lozi zimemwagika kama mvua. Ukigeuza nyuma unakuta kinachotajwa kwanza ni sharubati ya glukosi, kisha mafuta ya mawese, na lozi zenyewe ziko mkiani. Kinachotajwa kwanza ndicho kingi, Filomena alimweleza. Na mwisho kabisa, kwa herufi za kutafutwa, utakuta onyo kwamba huenda kuna chembe za karanga, kwa kuwa mashine moja husaga kila kitu. Hapo ndipo Filomena alipokuwa akiirudisha pakiti kwenye mfuko bila kuifungua.

Sekela hawezi karanga. Alipokuwa mdogo alipewa kashata kwenye sherehe ya ubatizo wa mtoto wa jirani. Midomo ikavimba, macho yakafumba, kifua kikaanza kupiga miluzi, wakamkimbiza hospitali. Daktari alisema korosho hazimdhuru, walimpima, ila karanga hata ikiwa chembe ni hatari. Akampa vidonge vya kutembea navyo, na akaonya kwamba ikishafika kifuani vidonge havitoshi.

Mtu asiyeishi hapa hawezi kujua jambo hilo lina uzito gani. Karanga ziko kwenye mchicha, kwenye kisamvu, kwenye uji wa watoto, kwenye kikombe cha muuza kahawa. Mtoto yule alikuwa akienda shule na ndizi tu, kila siku ya Mungu, na wenzake wakimwita Tumbili. Siku Marietha aliposikia jina hilo alimwita Filomena jikoni.

"Kuanzia leo karanga haingii humu," alimwambia. "Kisamvu nitapika cha nazi. Sekela atakula vipande vyangu."

Na haikuingia. Mtu wa kusini aliyekula kisamvu cha karanga tangu anaota meno, aliacha. Hata baada ya Filomena kuhamia Mwenge na Sekela kuhamishiwa shule ya msingi ya upande wa Tandale, kila wiki kopo la bluu la biskuti lilisafiri. Brightson, dereva wa bajaji wa kijiwe chetu, alilipeleka likiwa limejaa vipande na kulirudisha likiwa na vitumbua, au maembe, au doti ya kitambaa wakati wa Krismasi.

Nasema lilirudi na kitu kwa sababu ndivyo ilivyo. Chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukiletewa mchuzi kwenye bakuli, bakuli unalirudisha na ndimu mbili, au kipande cha muhogo, au hata chumvi. Kulirudisha jeupe ni sawa na kumwambia mwenyewe kwamba yameisha.

Asubuhi ninayoisimulia nilikuwa nimechapa karatasi mpya, nikavuka uchochoro kuzipeleka. Marietha alikuwa uani, trei zimefunikwa kitambaa cheupe, anaumwa mafua hata sauti inatokea puani. Alitengeneza vipande jana yake. Karatasi za zamani zilimtosha kubandika vile vya Sekela tu, navyo vilishaondoka na Brightson jioni. Vilivyobaki vilikuwa vinangoja kazi yangu.

Hija, jirani wa ukuta mmoja aliyehamia baada ya Filomena kuondoka, alichungulia kutoka upande wake, ufagio mkononi.

"Shoga, mafua yanasemaje?"

"Pua imegoma. Hata moshi siusikii."

"Pole. Lakini mafua hayazuii asante. Mtu kaletewa kitu, kimya! Au karanga zangu hazikunoga?"

Marietha alicheka kidogo. "Karanga zipi tena?"

"We! Nilizokurudishia kwenye chombo chako. Nimezikaanga, nimezimenya, nimezitwanga mpaka mkono ukaniuma. Au mdogo wako kazila peke yake?"

Marietha aligeuka taratibu. Mdogo wake, Rosalia, aliyekuwa amekuja kutoka Masasi mwezi ule kumsaidia kazi, alisimama mlangoni mwa jiko.

"Rosa. Chombo kipi?"

"Kile cha kifuniko chekundu, dada. Dada Hija alikileta juzi ukiwa kwenye sala za jumuiya."

"Kilikuwa na nini?"

"Si korosho? Kimeandikwa korosho juu." Rosalia alituangalia mmoja mmoja. "Uliniambia alikuja kuazima korosho za kusaga siku aliyopata wageni. Nikajua amerudisha. Nikamimina kwenye ndoo kubwa, na zingine."

Mwandiko ule wa kwenye kifuniko ulikuwa wa Marietha mwenyewe. Nilimuuzia mimi ile kalamu ya wino mzito.

Alifunua ndoo, akainama, akavuta pumzi, lakini pua ilikuwa imeziba. Akachota kwa kidole, akaniletea mimi. "Nusa." Nikanusa. Nilitamani iwe harufu nyingine.

"Ni karanga," nikasema.

Hija bado alikuwa anatabasamu ukutani. "Jamani, kwani kuna nini? Si karanga tu?"

Marietha alikuwa ameshashika simu. Akampigia Filomena, simu imezimwa. Akapiga tena. Wiki hiyo Filomena alikuwa anasimamia mitihani, na simu za wasimamizi hukusanywa ofisini.

"Jana usiku hakula," Marietha alisema, akijisemea zaidi kuliko kutuambia. "Angekula, Filomena angeshanipigia. Anakulaga mapumziko. Saa nne."

"Saa hizi ni saa mbili na ushee," nikasema. "Namba ya shule unayo?"

"Sina."

Akafunga mkanda wa khanga kiunoni juu ya gauni lake la kazini, akatoka. Nilifunga duka nikamfuata. Nyuma nilimsikia Rosalia ameanza kulia, na Hija akimuuliza, sauti imebadilika, "Mtoto gani? Rosa, mtoto gani?"

Brightson alikuwa kijiweni anafuta kioo cha bajaji yake.

"Mama Vipande! Leo unatoroshwa na braza wa stesheni? Nyie watu wazima, aibu..."

"Sekela amebeba karanga shuleni," Marietha alimkatisha. "Lile kopo ulilopeleka jana."

Brightson alimjua mtoto yule, alishamwona akilia kwa kuitwa Tumbili. Alitupa kitambaa chini ya kiti, hatukuongea tena habari ya nauli wala ya utani.

Tulishika barabara ya Nyerere mpaka Tazara, tukakata kuingia Mandela. Hadi hapo mambo yalikwenda. Kufika Buguruni tukakuta lori la kontena limekufa katikati, na nyuma yake malori mengine yamejipanga hayana haraka, madereva wameshashuka wananunua maji. Marietha alikuwa anapiga simu na kukata, anapiga na kukata. Yule mwanamke wa simu aliendelea kumwambia kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa.

"Brightson," alisema, "pita."

"Nipite wapi, mama? Mie siyo ndege."

"Pita pale."

Pale ni njia ya waenda kwa miguu. Brightson alitazama kama kuna trafiki, akapandisha tairi. Watu wakaruka pembeni. Mama mmoja aliyebeba beseni la mihogo alitushikia kiuno.

"We bajaji, umerogwa? Hii njia ya miguu!"

"Tuna mgonjwa, mama!"

"Mgonjwa yuko wapi? Wote nawaona wazima!"

"Ndo tunamfuata!"

"Mkimbilie na akili basi!"

Siku nyingine ningecheka. Marietha hata hakusikia. Alikuwa ameshika chuma cha mbele kwa mikono yote miwili, na tulipopita Tabata aliniuliza: "Chombo kimoja cha karanga kwenye ndoo nzima, si kitakuwa kimepotea?" Halafu akajijibu mwenyewe. "Kimeenea. Nimekikoroga kwa mikono yangu, kimeenea kila mahali."

Ubungo tulisimamishwa na taa, kisha Brightson akaingia njia za ndani kwa ndani, Manzese, vichochoro vya Tandale, magunia ya mahindi na mikokoteni ya wapagazi wa sokoni, akipiga honi bila kuachia. Shule ilikuwa na geti la bati la kijani na mlinzi mzee aliyeketi kwenye kigoda.

"Shikamoo baba," Marietha alisema akiwa anashuka.

"Marahaba. Wazazi wa nani?"

"Sie siyo wazazi. Nimemfuata Sekela, darasa la sita. Kuna chakula amebeba, asikile."

"Chakula mmempa nyie?"

"Mie ndo nimekipika."

Mzee alitutazama, mwanamke mwenye unga kwenye mikono, mwanamume mwenye kalamu mfukoni, kijana wa bajaji anahema. "Umekipika wewe, halafu umekuja kumzuia asikile? Mna ugomvi na mama yake?"

"Baba, kina karanga. Karanga kwake ni sumu."

"Karanga sumu!" Akatikisa kichwa. "Mie nina miaka sabini nakula karanga. Siku hizi watu wanachukua watoto shuleni kwa maneno hayahaya. Mtangoja mwalimu wa zamu. Kaeni hapo kivulini."

Alikuwa na haki. Mlinzi mwingine angetupitisha bila kuuliza, na siku hiyo tungemshukuru, lakini siyo kila siku. Nikajaribu kumweleza polepole. Nilikuwa bado naeleza kengele ilipogongwa.

Sauti ya watoto wakitoka madarasani kwa mapumziko unaijua, ni kama paa limebomoka. Marietha hakungoja neno. Aliinama, akapita chini ya mkono wa mzee, akakimbia. Sikuwa nimewahi kumwona Marietha akikimbia; ni mtu wa magoti mabovu. Mzee alipiga kelele, akamfuata na fimbo, mimi nikamfuata mzee.

Tulimkuta Sekela karibu na bomba la maji, amekaa juu ya tofali na rafiki zake wawili. Kopo la bluu lilikuwa mapajani. Karatasi ya kipande kimoja ilikuwa imefunguliwa, na alikuwa ameishika karibu na macho, anasoma.

"Sekela! Umekula?"

"Shikamoo mama mkubwa." Akasimama, maana alilelewa. "Nimeng'ata. Kina ladha nyingine leo, nikasoma tena." Akamwonyesha karatasi. "Imeandikwa haina."

Mdomo wa chini ulikuwa umeanza kuvimba upande mmoja.

"Tema. Tema mwanangu, temea hapa." Marietha alimfungulia bomba, akamsukutuisha, mara moja, mara nyingine. "Vidonge viko wapi?"

"Kwenye begi. Mfuko mdogo."

Mimi ndiye niliyekimbilia begi. Sekela alimeza kidonge kwa maji ya kwenye kiganja cha Marietha, kisha akaanza kujikuna shingoni, polepole, halafu kwa nguvu. Vipele vilipanda kama mtu aliyemwagiwa upupu. Yule mzee mlinzi alikuwa amefika na fimbo yake juu. Alimtazama mtoto usoni, fimbo ikashuka.

"Yesu," alisema. Akageuka, akaanza kuwatawanya watoto. "Pisheni! Pisheni njia! Fungueni geti, bajaji iingie!"

Mwalimu wa zamu alikuja mbio. Nilimpa jina la shule anayofundisha Filomena apige simu ofisini kwao. Tukampakia Sekela nyuma kwa Marietha, pamoja na begi na kopo lake, mimi nikakaa mbele nusu kiti na Brightson, tukatoka kuelekea hospitali ya jirani, upande wa Sinza. Haikuwa mbali. Lakini kabla hatujafika nilisikia kifua cha mtoto kikianza kupiga miluzi, ile miluzi ambayo Filomena alituhadithia zamani mezani, na nilimsikia Marietha akimwambia sikioni, bila kuacha, "Pumua na mie. Hivi. Na mie tena. Hivi." Brightson alikuwa anaendesha huku machozi yanamtoka, hakuyafuta.

Walimchoma sindano ya paja pale pale mlangoni, kabla hata ya kuandikishwa, wakamwekea hewa. Tulibaki kwenye benchi la nje. Marietha alikuwa bado ameshika ile karatasi. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja.

Filomena alifika akiwa na kitambulisho cha usimamizi wa mitihani shingoni. Alitupita bila kutusalimia, akaingia ndani. Alipotoka, uso ulikuwa mkavu.

"Anapumua," alisema. Halafu akamsimamia Marietha pale alipokaa. "Nimetupa kila kitu, dada. Kila pakiti iliyoandikwa 'huenda kuna karanga' niliirudisha. Yako ndiyo pekee niliyoacha kuisoma. Mtoto alisoma, mimi niliacha. Ilikuwaje?"

Nilidhani atamtaja Rosalia. Nilidhani atamtaja Hija. Yote mawili yangekuwa kweli.

"Karanga iliingia kwenye ndoo yangu ya korosho," Marietha alisema. "Ndoo ni yangu, jiko ni langu, na ile karatasi ina jina langu. Sikuwa na pua ya kunusa, na nilipika bila kumpa mtu mwingine anuse. Sikujua mpaka leo asubuhi. Nilivyojua nimekuja."

"Ungechelewa?"

"Nisingekuwa na la kukwambia."

Filomena alimgeuzia mgongo. Kisha akaingia ndani kwa mwanawe, akafunga mlango. Kopo la bluu alikuwa amelibeba chini ya kwapa.

Sekela alilala hospitali siku ile kwa uangalizi, akaruhusiwa kesho yake. Hilo nililisikia kwa Brightson, siyo kwa Filomena.

Marietha aliporudi hakutupa vile vipande vya kwenye trei. Kwake kumwaga chakula ni dhambi. Alivipeleka kijiweni kwa madereva, na kila aliyenyoosha mkono alimwambia kwanza, "Kina karanga."

"Sasa mama, sie tunaumwa?" mmoja alimtania.

"Nimekwambia ujue."

Ndoo aliisugua kwa maji ya moto, akaona haitoshi, akampa Rosalia aifanye ya kudekia. Kinu alinunua kingine. Rosalia alikuwa amefungasha mkoba wake kurudi Masasi, Marietha akatoa nguo zote, akazirudisha kabatini. Lakini kazi ngumu ilikuwa ukutani.

"Shoga," alimwambia Hija jioni moja, nami nikiwa dukani kwangu nawasikia, "kuanzia leo chombo changu kirudi kitupu."

Hija alijiegemeza ukutani. "Kwa hiyo tumegombana."

"Hatujagombana."

"Basi unaniambia mie mchawi. Kwamba nimemlisha mtoto wa watu sumu."

"Ulinipa kitu kizuri, Hija. Ulikitwanga kwa mkono wako. Kosa siyo lako. Lakini siwezi tena kufungua chombo nisijue kina nini."

"Nirudishe chombo kitupu, watu waniangalie? Mama yangu angefufuka!" Akaingia ndani, mlango ukapigwa.

Hawakusalimiana kwa muda. Mtaa mzima ulijua, na wengi walikuwa upande wa Hija. Wapo waliosema Marietha ameanza kujisikia tangu apate karatasi zenye jina. Vipande viliacha kutoka. Alirudia korosho za kwenye vifuko.

Kisha asubuhi moja nilimwona Hija anavuka uchochoro, baibui limenyooshwa kama anaenda arusini. Mkono wa kushoto alikuwa ameshika bakuli la Marietha lililokuwa kwake tangu kabla ya mambo yote, bila kifuniko, amelielekeza nje ili kila mtu aone ndani hamna kitu. Mkono wa kulia alikuwa amekumbatia papai kubwa, zima, na maganda yake.

"Hodi. Chombo chako, kitupu kama ulivyotaka," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa muuza mkaa. "Na hili papai halimo kwenye chombo. Limekuja lenyewe."

Marietha alipokea bakuli. Akapokea papai. "Karibu ndani," alisema, na sauti ilikuwa ile ya puani, ingawa mafua yalishapita.

Wiki ile ile alikuja dukani. Anaanza tena, alisema, anataka karatasi mpya. Alikuwa ameandika maneno mwenyewe kwa penseli. Yale mawili ya mwisho hayakuwepo. Badala yake aliandika: Jikoni kwetu hatutumii karanga. Iliwahi kuingia mara moja bila sisi kujua.

"Da' Marietha," nikamwambia, "nani atanunua kitu kinachojisema hivi?"

"Atakayenunua."

"Si uandike tu la kwanza? La kwanza ni kweli."

"La zamani pia nilidhani ni kweli. Chapa, kaka Kamugisha."

Nikachapa. Ua lilibidi liondoke kabisa.

Walionunua walikuwa wachache, na wengine walinunua ili waje kuuliza kisa. Alimsimulia kila aliyeuliza, kwa maneno yale yale, akijitaja mwenyewe tu.

Jumamosi moja bajaji ya Brightson ilisimama kwake, akashuka Filomena, na nyuma yake Sekela, amerefuka. Marietha alikuwa uani anakata embe. Alisimama, kisu bado mkononi, hakusogea.

Sekela alimwamkia. Filomena alichukua kipande kimoja kutoka kwenye trei, hakukifungua. Alisoma karatasi tangu juu: korosho, tende, embe, mbegu za maboga, asali. Alisoma maneno ya sukari. Alisoma maneno ya mwisho. Kisha akampa Sekela, naye akasoma, midomo ikitembea kidogo kama mtu anayerudia somo.

"Hapa 'bila sisi kujua'," Filomena alisema hatimaye. "Na sasa utajuaje?"

"Rosalia ananusa kabla yangu. Hija ananusa baada yake. Nikiwa na mafua sipiki. Na chombo kikitoka hapa kinarudi kitupu, kinaoshwa mbele yangu." Akaweka kisu chini. "Lakini kuapa, siapi tena."

Filomena aliangalia jikoni, kinu kipya, makopo yaliyopangwa. Hakununua. Alikirudisha kile kipande kwenye trei mahali pake. Waliongea habari za mitihani, za magoti, za Masasi, chai ikanywewa, na nilipoona wanaaga nilidhani ndiyo imekwisha hivyo.

Mlangoni Filomena alifungua mkoba wake mkubwa, akatoa kopo la bluu. Alilifunua, akaliinamisha ili Marietha aone ndani. Lilikuwa tupu, limesuguliwa mpaka rangi imeanza kubanduka.

"Nitamtuma Brightson alifuate Jumatatu," alisema. "Nitaonja kwanza mimi, ninuse mimi, nisome mimi. Halafu tutaona."

Bajaji ilipoondoka Marietha alibaki amelishika kwa mikono miwili. Kisha akaenda bombani, akafungua maji, akaliosha tena.